Kumlinda Mlezi: Kufuga Silki Hapa Busia

Wengi wanaokuja kwangu kuangalia silki, kuku wadogo wenye manyoya laini kama hariri, huuliza kwanza wanataga mayai mangapi. Nawaambia ukweli: machache. Silki aliyetunzwa vizuri hufika mayai mia moja na kidogo kwa mwaka, tena madogo. Anayetaka trei za mayai achukue kuku wa mayai wa kisasa. Anayetaka nyama kuna kuroila na brola. Mimi nafuga silki kwa sababu moja: anajua kulea. Hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, umeme unaweza kukatika magharibi ukarudi kesho yake, na mashine ya kutotolea iliyopoa usiku kucha ni hasara tupu. Kuku anayekaa juu ya mayai siku zote 21, kisha akawafunika vifaranga wiki baada ya wiki, ana thamani kubwa kwangu kuliko mashine. Lakini hulka hiyohiyo ndiyo inayoweza kumuua. Karibu kila nililojifunza katika ufugaji huu linahusu kumlinda silki na vitu viwili: maji, na moyo wake mwenyewe wa kulea.

Mama mkwe wangu, aliyefuga kuku wa kienyeji maisha yake yote, alipomwona silki mara ya kwanza alimbeba, akayapuliza manyoya mpaka ngozi ikaonekana, akaniuliza, "Mwanangu, huyu kuku ameungua ama ni mgonjwa?" Si mgonjwa, Mama, ndivyo alivyoumbwa. Ngozi yake ni nyeusi inayoelekea buluu, mifupa nayo ni myeusi, ndewe za masikio zina buluu ya kung'aa, na mguuni ana vidole vitano badala ya vinne. Wapo wanaodhani ni kuku wa maabara, wa siku hizi. Marco Polo, msafiri wa Venice, aliandika tangu karne ya 13 habari za kuku weusi wa China wenye manyoya kama ya paka, na Wachina mpaka leo wanapika supu yake kwa ajili ya mgonjwa na mwanamke aliyejifungua. Weusi huo umeniletea wageni wa kila namna, wakiwamo wanaotafuta kuku mweusi kwa shughuli za mganga. Hao nawajibu kwa heshima kwamba wa kazi hiyo sina, na sibadilishi neno hata bei ikipanda.

Kwa mfugaji, weusi huo una jambo lake. Ukishazoea kuku wa kienyeji unasoma afya yake kwenye undu: ukiwa mwekundu yuko sawa, ukipauka ana minyoo, utitiri au ugonjwa. Undu wa silki ni kinundu kifupi cha rangi ya zambarau iliyoiva, na damu ikimpungua huoni kitu. Hata vipele vya ndui ya kuku vinaanza kujificha kwenye uso mweusi kabla hujavitambua. Kwa hiyo namkamata kila mmoja mara kwa mara, napapasa kidari. Mfupa wa kifua ukisimama mkali chini ya vidole, hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene, kuku huyo amekonda na anahitaji msaada leo, si kesho.

Sasa maji. Unyoya wa kuku wa kawaida una vikulabu vidogo sana vinavyoshikanisha nyuzi zake, ndiyo maana mvua humteleza na bawa huweza kukata upepo. Silki hana vikulabu hivyo. Hawezi kuruka, na mvua ikimpata inapenya moja kwa moja hadi kwenye ngozi. Mvua zetu kubwa ni za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, na mvua ya mchana hapa haibishi hodi. Kuku wa kienyeji wanakimbilia chini ya ukuta. Silki aliyelowa kwanza anabaki amesimama palepale, kilemba kimemfunika macho, hajui pa kwenda. Ukimwacha hivyo mpaka jioni, baridi inamkamata. Huyo tunamfuta kwa kitenge kikavu, tunamweka kwenye boksi karibu na jiko, si karibu kiasi cha moshi kumfikia, mpaka manyoya ya tumboni yatutumke tena. Manyoya ya tumboni ndiyo ya mwisho kukauka, na ndiyo anayofunikia vifaranga.

Banda lao basi si la ghorofa. Kuku asiyeruka ukimwekea fito za juu unamwekea pa kuvunjikia mguu. Wangu wanalala chini, wamebanana kwenye kona, kwenye sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini na kutandikwa makapi ya mpunga tunayoyapata kwenye vinu vya upande wa Bugiri. Makapi hayo ni makavu, mepesi, na yanazolewa kirahisi. Maranda ya seremala nayo yanafaa, ila yale ya unga yanawaingia machoni. Chombo cha maji kiwe na mdomo mwembamba, kwa sababu silki ana ndevu na kilemba, na akinywa kwenye beseni anaondoka shingo yote imelowa. Kilemba chenyewe nakipunguza kwa mkasi mbele ya macho. Anayefuga kwa maonyesho hataki kusikia hivyo, lakini kuku asiyeona juu ndiye wa kwanza kubebwa na mwewe. Na chini ya kilemba pana jambo zito zaidi: silki wengi fuvu lao limefanya kinundu cha juu ambacho mfupa wake haukufunga sawasawa. Dono moja la jogoo mkubwa wa kienyeji pale linaweza kumwangusha. Kwangu hawachangamani na majogoo wa mama mkwe, hata siku moja.

Nije kwenye kulalia mayai, maana hapo ndipo silki anapojulikana.

Utamjua ameingia kwenye hali hiyo kabla hajataga hata yai la mwisho. Anakaa kiotani baada ya wenzake kutoka. Ukipeleka mkono anajivimbisha, anatoa sauti ya chini ya kukwaruza, manyoya ya kifuani yameanza kunyonyoka ili ngozi iguse mayai. Hata ukiondoa mayai yote atalalia jiwe. Nimemkuta mmoja amelalia gunzi la mahindi kwa bidii ileile. Silki mmoja anafunika vizuri mayai yake mwenyewe manane hadi kumi. Ya kuku mkubwa wa kienyeji nampa matano au sita tu, kwa sababu yai linalotokeza pembeni linapoa na halitotoi. Watu wananiletea ya kanga pia, na hapo silki anafanya kazi ya ajabu, kwa kuwa kanga mwenyewe akitamia porini ni rahisi kuliwa au kupoteza watoto kwenye umande. Mayai ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, ya bata mzinga 28. Ya yule bata mkubwa mwenye uso mwekundu, anayefugwa sana huku kwetu, huchukua 35. Hayo nayakataa. Siku 35 juu ya kiota ni nyingi mno kwa mwili mdogo wa silki.

Kwa sababu silki anayelalia hatoki. Kuku wa kienyeji atashuka mwenyewe, ale, anywe, arudi. Baadhi ya silki wanashuka, lakini wapo wanaokaa mpaka kifua kinabaki mfupa na ngozi huku maji yako hatua mbili kutoka walipo. Sijui mnyama mwingine wa kufugwa anayejisahau hivyo. Basi kila siku, asubuhi jua likishapanda kidogo, namwinua mimi. Ninaingiza mikono miwili chini ya mabawa kwanza, taratibu, kwa kuwa huwa wameficha yai kwapani na ukimwinua ghafla linaanguka na kupasua mengine. Namweka chini kwenye jua. Dakika ya kwanza hafanyi kitu. Amejilaza pale alivyowekwa, bapa, mabawa yametandazwa. Halafu anashtuka, anasimama, anatembea hatua chache na kunya bonge moja kubwa lenye harufu kali inayokufikia hata ukiwa mbali. Ndiyo mavi ya tangu jana, aliyoyazuia ili asichafue kiota. Baada ya hapo anakula kwa haraka, mahindi mazima au mtama, anakunywa maji mengi, anajitupa kwenye vumbi, anajipaka, anajikung'uta, na anarudi mbio. Robo saa inatosha. Mayai hayapoi kiasi cha kuharibika kwa muda huo, na asiyekunya kwa siku mbili tatu ndiye nampeleleza kwa makini.

Vumbi hilo ni dawa. Nalitengeneza kwenye karai: mchanga mkavu na jivu la kuni. Kuku anayekaa sehemu moja wiki tatu ni karamu ya utitiri na chawa, na manyoya ya silki yanawaficha vizuri. Usiku napitisha tochi ya simu chini ya bawa na kuzunguka matako. Wadudu wale wekundu hutoka gizani. Miguuni nako, kwa kuwa silki ana manyoya mpaka vidoleni, utitiri mwingine huingia chini ya magamba na kuyainua yakawa meupe na makavu. Naosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nasugua kwa mswaki laini, napaka vaselini nzito, narudia kila baada ya siku chache hadi magamba yalale.

Kitu kinachonitia hofu kuliko mwewe, kuliko nguchiro, ni siafu. Mvua zikianza wanahama kwa msafara, na kuku mwingine yeyote akiumwa anaruka na kukimbia. Silki aliye kwenye kiota anabaki. Ndugu mmoja wa jirani alimkuta kuku wake asubuhi ameganda juu ya vifaranga, na hakuna hata kimoja kilichopona. Tangu hapo viota vyangu vya kulalia vimewekwa juu ya stendi ya mbao, kila mguu umesimama ndani ya kopo la mafuta machafu ya gari, na kwenye kila kopo kuna kifuniko cha bati ili vifaranga wasije wakatumbukia. Nyasi zisiguse stendi. Jani moja tu likilalia mbao, siafu wamepata daraja.

Siku ya saba au ya nane napima mayai usiku. Simu inawaka tochi, nafanya ngumi juu ya mwanga na kuweka yai kwenye tundu la vidole. Yai lililo hai linaonyesha doa jeusi na mishipa midogo myekundu iliyotawanyika, na doa hilo linatikisika. Yai tupu linang'aa lote. Yai lenye pete ya damu limekufa, na hilo litoke haraka kabla halijaoza na kupasuka chini ya mama. Mayai matupu yakizidi, nawatazama jogoo na jike wake upande wa nyuma: manyoya yanaweza kuwa mengi kiasi cha kuzuia mbegu kufika. Mkasi kidogo kuzunguka tundu, kwa jike na kwa jogoo, unabadilisha hali kabisa.

Vifaranga wakianza kulia ndani ya maganda, mkono wangu unatoka humo. Wanaweza kukaa karibu siku mbili bila kula kwa sababu kiini cha yai bado kimo tumboni mwao, kwa hiyo hakuna haraka ya kuwatoa wa kwanza wakati wenzao wanapasua. Ninachoangalia ni manyoya ya mama. Unyoya wa silki ni mrefu na mwembamba, na kifaranga akipita chini yake mara nyingi, nyuzi zinaweza kujisokota shingoni au mguuni na kumkaba. Nimekuta kifaranga ananing'inia kwenye tumbo la mama anayetembea, mguu umevimba, na nikaukata ule unyoya kwa mkasi wa kucha. Siku hizi, muda mfupi kabla ya kutotoa, napunguza manyoya marefu ya tumboni na ya mapajani kwa mama. Anabaki na ya kutosha kufunika wote.

Kifaranga anayelelewa na mama kama huyu haniombi mkaa wala balbu. Anayelelewa bila mama anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki, na kwa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa unacheza na hewa yenye sumu. Mama silki anajipima mwenyewe. Wanahitaji tu pakavu, chombo cha maji kilichojazwa kokoto ili asizame mtu, na chakula cha vifaranga chenye protini ya kama asilimia 20. Nachanganya mwenyewe mara nyingine: mahindi yaliyosagwa, soya iliyokaangwa, na mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, kutoka Majanji. Mukene ukiukuta umeanikwa chini kwenye mchanga, achana nao. Unanunua kilo nzima ukapeleka nyumbani robo ya ufuo wa ziwa. Nataka ule ulioanikwa juu ya wavu. Na mahindi yaliyoota ukungu hayaingii bandani, hata kama ni zawadi, maana sumu ya ukungu inaua kuku wadogo kimyakimya. Mchwa wakiruka baada ya mvua, watoto wangu wanawakusanya kwenye ndoo, na siku hiyo mama anaita vifaranga kwa sauti ambayo huisikii siku nyingine.

Kifaranga akinyesha mavi yakagandia matakoni, nafuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, sivuti. Akianza kujikunyata na kuhara damu, hasa wakati makapi yamelowa, hiyo ni koksidia. Natoa matandiko yote na kuwapa dawa ya amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Silki pia wana udhaifu kwa ugonjwa wa Marek: mguu mmoja unatangulia mbele, mwingine unabaki nyuma, kuku hawezi kusimama. Hauna tiba. Chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, na chupa huja na dozi nyingi kuliko vifaranga vya mfugaji mdogo.

Kideri ndicho kinachofagia vijiji, na hapo tumefanya jambo zuri mtaani kwetu. Chanjo ya tone la jicho, ile inayovumilia joto kidogo, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Chupa moja ina dozi za kuku wengi, na ukishaifungua na kuichanganya huwezi kuiweka mpaka wiki ijayo. Basi tunachanga, tunachagua siku, na alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa tunapita nyumba kwa nyumba, tone moja kwenye jicho moja la kila kuku. Chanjo zile nyingine za kunywesha hazichanganywi na maji ya bomba yenye klorini. Tunatumia ya kisima, na kuku wanakuwa wamenyimwa maji kwa saa moja au mbili ili wanywe yote. Hajati mmoja wa mtaa huu, aliyekuwa akisema kuku wa kienyeji hachanjwi, sasa ndiye anayetupigia simu kutukumbusha tarehe.

Kuku mgeni anakaa peke yake wiki nne, mbali na wengine, nikimhudumia wa mwisho. Wa mpakani tuna sababu ya kuwa wakali kuhusu hilo. Januari 2017 ndege wa porini walipokutwa wamekufa huko Lutembe karibu na Entebbe, na homa ya mafua ya ndege ikathibitishwa, Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Biashara ya kuvusha kuku, ambayo watu wengi hapa waliishi kwayo, ilisimama. Ugonjwa wa kuku wa mtu mmoja hauishii kwenye ua wake.

Vifaranga wakifika kama wiki saba au nane, mama anaanza kuwapuuza na kutaga tena, na siku si nyingi anataka kulalia upya. Hapo ndipo namkatalia. Mwili haujarudi. Namweka kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa, hewa inapita chini ya tumbo, ana maji na chakula na kivuli, hana majani wala kona ya giza. Siku tatu nne, hamu inaisha, anarudi kwa wenzake. Analalamika sana humo, na inaniuma kumsikia, lakini kuku aliyeachwa alalie mara tatu mfululizo nimeshamwona kwa watu: mwepesi mkononi kama kifurushi kitupu, manyoya yamekatika, na ugonjwa wa kwanza unaopita unamchukua.

Wanunuzi nawahoji hivyohivyo. Namuuliza mtu kuku atalala wapi mvua ikinyesha, kama ana kuku wakubwa, nani atabaki nyumbani. Anayetaka kuwalalisha mwaka mzima ili auze vifaranga namrudishia pesa yake. Tatizo jingine ni kwamba silki mdogo hajulikani jogoo au jike. Wengine huwezi kusema kwa uhakika mpaka awike au atage, na hiyo inaweza kufika miezi mitano au sita. Siuzi kwa kubahatisha. Aliye na pakavu, aliye na jivu na mchanga, na aliye tayari kumwinua kuku kiotani kila asubuhi, namfungia majike wawili waliokwisha kutaga. Jogoo, mnunuzi atakuja kumchukua baadaye, jogoo huyo akishawika.